Mgonjwa Mmoja, Wanafunzi Watano: Kujifunza kwa Visa Kupitia Simu

Hebu tuanze na mgonjwa.

Ni kijana wa miaka 22, mvuvi wa dagaa. Anaishi kwenye mwalo mmoja upande wa Bunda, na usiku wa giza huwa yuko ziwani na taa zake. Leo kaja kituo cha afya. Anasema tumbo limejaa, anachoka haraka, suruali inambana kiunoni lakini mikono imekonda. Nyumbani wameamua kwamba ni malaria sugu, na mwaka huu pekee amekwisha meza dawa za malaria mara tatu. Jirani yake ana maoni tofauti: ati karogwa, maana tumbo la namna hiyo sio la bure.

Je, ungekuwa wewe ndiye unayempokea, ungemuuliza nini kwanza?

Usiendelee kusoma. Chukua kalamu uandike maswali mawili tu. Tunakusubiri.

Tayari? Basi umeshaanza kujifunza kwa kisa. Mgonjwa huyu hayupo, tumemtunga sisi kwa ajili ya makala hii. Ugonjwa wake lakini upo, na wakazi wengi wa kando ya Ziwa Victoria wameishi nao bila kuujua jina. Tutamfuata hadi mwisho, pamoja na wanafunzi watano ambao nao tumewatunga: wa utabibu na wa famasi wako Musoma, wa maabara na wa afya ya mazingira wako Bunda kwenye mazoezi ya kazi, na wa uuguzi yuko Butiama. Hawajakutana ana kwa ana. Wanachoshirikiana ni mwalimu mmoja, mgonjwa mmoja na bando la intaneti.

Kisa ni nini hasa?

Wengi wetu tumesoma kwa namna moja. Mwalimu anaingia, anaandika ubaoni "Kichocho", chini yake "Visababishi", chini yake "Dalili", na sisi tunanakili mpaka mkono unakufa ganzi. Siku ya mtihani tunayamwaga yote, na wiki inayofuata hamna kitu kichwani. Sio kwamba wanafunzi ni wavivu. Shida ni kwamba mgonjwa haji na kichwa cha habari. Anakuja na tumbo lililojaa, na kazi yako ni kujua ukurasa upi wa daftari unamhusu.

Kujifunza kwa kisa kunaanzia upande wa pili. Unapewa mgonjwa kwanza, tena kwa vipande vipande, kama anavyokuja mwenyewe. Kila kipande kina swali, na lazima ujibu kabla hujapewa kipande kinachofuata. Ukikosea, unakosea ukiwa bado hujamshika mtu wa kweli.

Wazo lenyewe lina umri mkubwa. Mwaka 1900 Walter Cannon, wakati huo mwanafunzi wa udaktari katika Chuo Kikuu cha Harvard kule Marekani, aliona jinsi wenzake wa sheria walivyokuwa wakijadili kesi kwa moto hadi mezani wakati wa chakula, huku yeye akisinzia kwenye mihadhara. Akaandika kupendekeza kwamba udaktari nao ufundishwe kwa visa. Mwaka 1969 Chuo Kikuu cha McMaster nchini Kanada kikaanzisha shule nzima ya udaktari iliyojengwa juu ya matatizo ya wagonjwa na vikundi vidogo badala ya mihadhara mirefu. Kwetu Afrika Mashariki, Chuo Kikuu cha Moi kule Eldoret, Kenya, kilipofungua kitivo chake cha afya mwaka 1990 kilifuata mkondo huo, na juu yake kikaongeza jambo la maana: wanafunzi wanapelekwa kukaa na jamii vijijini kama sehemu ya masomo.

Mbona basi kila chuo hakifanyi hivyo? Kwa sababu ni kazi. Kikundi kidogo kinataka mwalimu wake, na walimu ni wachache. Halafu wanafunzi wenyewe hawakai mahali pamoja.

Simu inaingiaje?

Fikiria mwanafunzi wa kada za afya: utabibu, uuguzi, maabara, famasi, mionzi, mazoezi-tiba, afya ya mazingira. Sehemu kubwa ya kujifunza kwake iko nje ya darasa. Mmoja anapangiwa hospitali ya rufaa ya mkoa pale Kwangwa, Musoma, lile jengo lililokaa miaka na miaka bila kukamilika mpaka watu wakalizoea kama kilima. Mwenzake yuko Bunda, mwingine Butiama. Huyu wa kwanza ataona wagonjwa mahututi kila siku na hatajua wametoka katika maji gani. Yule wa zahanati atayajua maji, lakini mgonjwa akizidiwa anapakiwa kwenye gari, na mwisho wake hausikii tena. Kila mmoja anabaki na nusu ya kisa.

Kuwakutanisha kwa nauli haiwezekani kila wiki. Kwa simu, inawezekana.

Kufundisha watu wa mbali kwa pamoja si jambo geni hapa nchini, na wazee wetu hawakuhitaji simu. Mwaka 1973, miaka michache baada ya Mwalimu Nyerere, mtoto wa Butiama, kuutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, kulikuwa na kampeni ya redio iliyoitwa Mtu ni Afya. Kwa wiki 12 watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi, wakasikiliza kipindi, wakasoma kijitabu, wakabishana, kisha wakainuka kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Muulize babu au bibi, huenda akakumbuka. Siri ya kampeni ile ilikuwa kikundi. Redio peke yake ingeongea weee, watu wakalala.

Kompyuta zilikuja baadaye. Mwaka 2005 shirika la Amref pamoja na Baraza la Wauguzi la Kenya walianza kuwapandisha wauguzi wa cheti hadi stashahada kwa njia ya kompyuta, bila kuwatoa kazini. Kwa upande wa Tanzania, mpaka mkongo wa baharini wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam mwaka 2009, intaneti yetu ilitegemea zaidi setilaiti, ya polepole na ya bei mbaya. Halafu Machi 2020 ugonjwa wa korona ukafunga vyuo, na vyuo vikuu havikufunguliwa mpaka Juni mosi. Miezi ile iliwafundisha wengi kwamba kutuma faili la nondo kwenye simu sio kufundisha. Mwanafunzi aliyekuwa analala darasani analala vilevile na simu mkononi.

Mfano ninaoupenda mimi unatoka jimbo la New Mexico, Marekani. Mwaka 2003 daktari wa ini aitwaye Sanjeev Arora alikuwa na foleni ya miezi mingi ya wagonjwa wa homa ya ini aina ya C, wengine wakisafiri mamia ya kilomita kumfikia. Akaamua kuwafundisha watoa huduma wa vijijini. Kila wiki walikutana naye kwa video, na kila mmoja alileta kisa cha mgonjwa wake. Utafiti uliotolewa mwaka 2011 ulionyesha kwamba wagonjwa waliotibiwa na watu wale wa vijijini walipona kwa kiwango sawa na waliotibiwa kwenye hospitali ya chuo kikuu. Mpango ule, uitwao ECHO, umesambaa nchi nyingi. Angalia kilichofanya kazi pale. Video ilisaidia, ndiyo, lakini kilichowafundisha ni kwamba kila mmoja alikuja na mgonjwa na akalazimika kusema anafikiri nini.

Sasa turudi kwa mvuvi wetu.

Jumatatu: kila mtu ajibu peke yake

Mwalimu anatuma kipande cha kwanza, kile ulichokisoma mwanzoni. Ni maandishi matupu, hayamalizi bando la mtu. Sharti ni moja: andika jibu lako kabla hujaona la mwenzako. Programu ya Moodle, ambayo ni ya bure na inatumiwa na vyuo vingi, inaweza kuwekwa hivyo: majibu ya wengine hayafunguki mpaka wewe umeandika lako. Kwenye kundi la WhatsApp hakuna kufuli ya namna hiyo. Basi kila mtu amtumie mwalimu pembeni, na yeye ayaweke yote saa mbili usiku.

Kwa nini kusumbuana hivyo? Kwa sababu wote tunawajua wale wawili wa kila kundi wanaojibu upesi, na wengine wote wanaandika "nakubaliana na mwenzangu." Aliyekubaliana hajajifunza kitu. Aliyeandika jibu lake, hata la ovyo, sasa ana hamu ya kujua kama amepata.

Mwanafunzi wa utabibu, Musoma, ameandika: "Unaoga wapi? Ulianza kuvua ukiwa na miaka mingapi? Umewahi kuona damu kwenye choo kikubwa?" Wa uuguzi, Butiama, ameandika: "Unakojoa damu?"

Hapo ubishi unaanza. Wa Musoma anasema mkojo hauhusiki. Wa Butiama anasema kwao ukisema kichocho kila mtu anafikiria mkojo wenye damu.

Wote wana hoja, na hapa ndipo watu watatu wa sehemu tatu wanapofaa kuliko darasa moja. Kichocho katika Kanda ya Ziwa ni cha aina mbili. Kile cha kibofu, kinacholeta damu kwenye mkojo, konokono wake hupenda madimbwi, malambo na vijito vya bara. Kile cha matumbo na ini konokono wake huishi kando ya ziwa lenyewe. Vijidudu hutoka kwa konokono, huogelea, na hupenya ngozi ya mtu aliyeingia majini ndani ya dakika chache tu. Minyoo hukomaa na kukaa kwenye mishipa ya damu kwa miaka, ikitaga mayai. Kwa hiyo swali la "unaoga wapi" haliishii kwenye "ziwani au bombani." Ukijua ni maji gani, umeshapunguza nusu ya kazi.

Jumatano: majibu ya mgonjwa

Kipande cha pili. Mvuvi anajibu kwamba alianza kuvua na mjomba wake akiwa na miaka tisa. Anaoga ziwani, anafua ziwani. Damu kwenye choo? Anacheka: "Hiyo kila mtu mwaloni anayo, inakuja inaondoka." Homa hana. Kipimo cha haraka cha malaria hakionyeshi kitu. Tabibu akimpapasa anakuta ini gumu upande wa kulia, na bandama imevimba hadi karibu na kitovu.

Sasa mwanafunzi wa maabara ndiye mwenye uwanja. Choo cha kwanza alichopima hakikuwa na yai hata moja. Wenzake wanataka kufuta kichocho kwenye orodha. Anawaambia subirini jamani, mayai hayatoki sawasawa kila siku, na choo kimoja kisicho na kitu hakitoshi kumwachia mtu. Anawaeleza kipimo cha Kato-Katz: unachukua choo kidogo kilichopimwa kwa tundu maalumu, miligramu 41.7, unakibana kwenye kioo, unahesabu mayai kwa hadubini, halafu unazidisha mara 24 kupata idadi kwa gramu moja. Siku ya pili anahesabu mayai 3. Mara 24 ni 72. Kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani, chini ya 100 ni maambukizi mepesi. Yai lenyewe lina mwiba ubavuni, alama ya kichocho cha matumbo. Lingekuwa la kibofu, mwiba ungekuwa mwishoni.

Mwalimu anauliza: tumfanyeje?

Mwanafunzi wa famasi anajibu haraka, na kwa hesabu safi. Dawa ni prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito. Mgonjwa ana kilo 52, kwa hiyo 2,080. Vidonge ni vya 600, basi vitatu na nusu kwa mkupuo, ale kwanza. "Maambukizi ni mepesi. Apewe dawa, aende nyumbani."

Wenzake watatu wanakubali. Na wewe je?

Alhamisi, saa nane usiku

Kipande cha tatu ni mistari miwili. Mgonjwa aliruhusiwa. Usiku wa siku iliyofuata ametapika damu, karibu beseni zima, na ameletwa kwenye bodaboda katikati ya watu wawili.

Kimya kwenye kundi.

Ni nini kimetokea? Hesabu ya mayai inakuambia minyoo inataga kiasi gani leo. Haikuambii ini limeumia kiasi gani kwa miaka 13 iliyopita. Mayai yaliyokwama kwenye ini huacha makovu, na makovu huzuia damu kupita. Damu ikikosa njia inarudi nyuma, bandama inavimba, na mishipa ya sehemu ya chini ya umio, lile bomba la kupitishia chakula, inatuna kama mpira wa baiskeli uliojazwa kupita kiasi. Siku moja inapasuka. Mtu anaweza kuwa na mayai machache na ini bovu kabisa. Dalili ilikuwepo tangu Jumatano, bandama ile. Mwenye famasi alipiga hesabu ya dawa vizuri, lakini hakuna aliyemwambia bandama kubwa ina maana gani, na yeye hakuuliza.

Huyo kijana wa famasi hatasahau. Ndiyo faida ya kukosea mbele ya wenzako juu ya mgonjwa wa karatasi.

Sasa zamu ya muuguzi: dakika kumi za kwanza ufanye nini? Anaandika: naita msaada, namlaza ubavu ili asipaliwe, namwekea mipira miwili mikubwa ya maji mishipani, nachukua damu ya kupima kundi, naandika mapigo na presha kila baada ya dakika chache, na mtu mmoja tayari anapiga simu ya rufaa. Tabibu anaongeza kwamba mishipa ya namna hii inafungwa kwa kifaa chenye kamera kinachopitishwa mdomoni, kazi ya hospitali kubwa kama Bugando, Mwanza, zaidi ya kilomita 200 kutoka Musoma. Kwa hiyo swali la damu ya kumwongezea njiani linakuwa kubwa kuliko swali la kidonge. Dawa ya minyoo atapewa, lakini haitayafuta makovu.

Msomaji, tusimame hapa kidogo kwa ajili yako mwenyewe. Kama unaishi mwaloni na unaona damu kwenye choo mara kwa mara, usiseme ni kawaida kwa sababu jirani naye anayo. Nenda ukapime. Prazikwanteli ikitolewa mapema inafanya kazi nzuri. Ila minyoo michanga, ya wiki chache, huwa haifi, ndiyo maana dozi hurudiwa. Na mtu akitapika damu hakuna kusubiri asubuhi.

Mambo yanayoharibu

Bando kwanza. Mwalimu anayetaka kila mtu afungue kamera saa moja na nusu anawafukuza maskini bila kujua. Maandishi, picha iliyopunguzwa ukubwa, sauti ya dakika mbili, hivyo vinatosha. Na kazi iweze kusomwa bila mtandao, maana umeme ukikatika Butiama kisa hakisimami.

Pili, siku hizi kuna programu za akili mnemba. Ukizitupia kisa zinakupa jibu refu, lenye adabu, na mara nyingi limekaribia. Pengine limekosea, nawe huna namna ya kujua. Lakini hata likiwa sahihi, Alhamisi usiku hutakuwa na muda wa kuiuliza simu. Andika lako kwanza, kisha linganisha.

La tatu ni zito, na ndilo lililonifanya niandike makala hii.

Siri ya mgonjwa

Mgonjwa wetu ni wa kutunga. Lakini vikundi vingi vya wanafunzi havitungi. Mtu yuko wodini, anaona kidonda cha ajabu, anatoa simu, paa! Picha iko kwenye kundi la watu 60, na maneno "wadau, hii ni nini?" Nia yake ni njema. Anataka kujifunza. Kesho mmoja wa wale 60 anamwonyesha dada yake, na dada yake anatoka kijiji kimoja na mgonjwa.

Utasema uso haukuonekana. Musoma sio Dar es Salaam, na mwalo sio Musoma. Ukiandika "mvuvi wa miaka 22 wa mwalo fulani, ametapika damu Alhamisi", umeshamtaja kwa jina. Watu watamhesabu. Na kama ni kisa cha Virusi vya Ukimwi, cha mimba au cha msichana aliyekeketwa, jambo ambalo mkoa wa Mara unalijua vizuri mno, unaweza kuwa umemfungia mtu mlango wa nyumbani kwao.

Sheria nayo ipo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na habari za afya ya mtu zimo katika zile zinazolindwa zaidi. Ya Ukimwi ya mwaka 2008 ilishasema kuhusu siri ya majibu ya vipimo. Na kabla ya sheria, kuna kile alichokuambia mgonjwa akiwa amevua shati, akiamini anamwambia mtoa huduma.

Basi fanya hivi. Ukitaka kupeleka kisa cha kweli, muombe mgonjwa ruhusa kwa lugha anayoielewa, akiwa na nafasi ya kukataa na bado akatibiwa vilevile, na mweleze msimamizi wako. Kisha kibadilishe. Ondoa jina, kijiji, tarehe, tatuu, kovu la shavuni. Umri sogeza kidogo. Lakini hapa pana ujanja wake: usibadilishe kile kinachobeba ugonjwa. Ukimgeuza mvuvi wetu kuwa mwalimu wa Singida umemficha vizuri sana, ila umeliondoa ziwa, na bila ziwa kisa kimekufa. Mfanye mfua nguo wa kando ya ziwa, mahali pasipotajwa. Maji yanabaki, mtu anapotea. Inakuchukua robo saa ya kufikiri, na kwa kweli ukishaweza kufanya hivyo umeonyesha kwamba umeuelewa ugonjwa.

Picha? Kama haina ulazima, acha. Mayai ya kichocho ya kitabuni yana mwiba uleule.

Kitu ambacho simu haikupi

Bandama haipapaswi kwenye kioo cha simu. Mkono wako lazima ukosee mara ishirini juu ya matumbo ya watu kweli, msimamizi akiwa pembeni, ndipo siku moja uisikie ikigonga vidole mgonjwa anapovuta pumzi. Kuchoma mshipa ni vilevile. Kumwita mama mzima "shikamoo" kabla ya kumuuliza habari za choo chake, ni vilevile. Kwa hiyo ukikutana na tangazo la chuo linalokuahidi utakuwa tabibu au mtaalamu wa maabara kwa simu peke yake, ukiwa nyumbani, kimbia nalo mbali. Ulizia kwanza kama chuo na kozi vimesajiliwa NACTVET, na uulize mazoezi ya kazi yanafanyikia hospitali gani. Wasipoitaja, pesa ya mzazi wako ina matumizi mengine.

Visa vya mtandaoni kazi yake ni kukufanya ufike wodini ukiwa na maswali.

Jumamosi: kipande cha mwisho

Mvuvi amepona kutapika. Amefungwa mishipa, amepewa prazikwanteli, amerudi. Wiki sita zimepita, na mwalimu anaandika: "Mgonjwa wenu ameonekana tena ziwani. Ana mtoto mdogo na mkopo wa nyavu. Mnamwambia nini?"

Wanafunzi wanne wanaandika, kila mmoja kwa namna yake, kwamba asiingie majini. Wa uuguzi anajishtukia na kufuta. Ale nini, mura? Anaandika upya: maji ya kuoga ayateke na kuyaweka kwenye pipa siku mbili kabla ya kuyatumia, maana vijidudu vikikosa mtu wa kuingia vinakufa, na arudi kupimwa kila mwaka pamoja na mkewe na mtoto.

Wa afya ya mazingira, ambaye wiki nzima hakuwa na la kusema, hajajibu mpaka saa nne usiku. Halafu anatuma sauti ya dakika mbili. Anasema alikwenda mwaloni mchana, mwalo ulio karibu na kituo chake, akahesabu. Vyoo viwili, kimoja kimefungwa kwa kufuli na mwenye ufunguo yuko Mwanza. Alipouliza wavuvi wanajisaidia wapi, walimwonyesha kwa kidevu, kule kwenye matete, hatua chache tu kutoka pale wanawake wanapofulia. Anauliza kundi: barua ya kuomba choo kingine inaandikwa kwa nani, mwenyekiti wa kijiji au wale wa kikundi cha usimamizi wa ufukwe?

Mwalimu naye anasema hajui, ataulizia Jumatatu.